ISO ya Linux imekataa kuhakikiwa? Soma dalili kabla hujapakua upya

ISO ni faili moja linalobeba mfumo mzima wa kusakinisha. Ile ya Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux, ya kompyuta za mezani na laptopu inakaribia gigabaiti 6. Kwa anayenunua bando la simu, hilo si faili la kupakua mara mbili kwa kubahatisha. Lakini ndivyo wengi wanavyofanya: hashi (namba ya kuhakiki faili) ikikataa, au flashi isipowaka, wanafuta kila kitu na kuanza upya. Bando linakwisha, na faili jipya nalo linakataa vilevile, kwa sababu kosa halikuwa kwenye ISO tangu mwanzo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye kompyuta yako, jua chanzo chake, ndipo uamue kama kuna haja ya kupakua tena. Mara nyingi haja hiyo haipo. Na pale inapokuwepo, iko njia ya kulitibu faili lililoharibika kwa kupakua megabaiti chache badala ya gigabaiti zote 6.

Kwanza, jinsi mambo yanavyotakiwa kwenda

Unahitaji mafaili matatu: ISO yenyewe, orodha ya hashi, na saini ya kidijitali ya orodha hiyo, inayoonyesha imetoka kwa nani. Ubuntu wanayaweka pamoja kwenye releases.ubuntu.com, orodha inaitwa SHA256SUMS na saini SHA256SUMS.gpg. Debian wana SHA256SUMS na SHA512SUMS, kila moja na saini yake inayoishia na .sign. Linux Mint wana sha256sum.txt na sha256sum.txt.gpg. Fedora wao hutia hashi na saini ndani ya faili moja lenye neno CHECKSUM kwenye jina. Orodha na saini ni mafaili madogo sana, hata kilobaiti chache hazifiki wakati mwingine, kwa hiyo hayo usiyaonee uchungu hata ukiyapakua mara kumi.

Hashi ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye kila baiti ya faili. Baiti moja ikibadilika, namba nzima inakuwa nyingine. Ya SHA-256 ina tarakimu na herufi 64, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f.

Kwenye Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yenye mafaili yako, kisha:

```
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing
```

Jibu unalolitaka ni mstari mmoja:

```
ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso: OK
```

Kwenye Windows, bila kusakinisha chochote:

```
certutil -hashfile ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso SHA256
```

Kwenye Mac ni `shasum -a 256` ikifuatiwa na jina la faili. Windows na Mac zitakupa namba tu, na wewe ndiye utakayeilinganisha na ile iliyo kwenye orodha. Usitazame herufi nne za mwanzo na nne za mwisho ukaridhika. Nakili zote mbili, uziweke moja chini ya nyingine kwenye kihariri cha maandishi, au iache PowerShell ikulinganishie:

```
(Get-FileHash .\ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso).Hash -eq "bandika hashi hapa"
```

Ikijibu True, zinalingana.

Faili ni dogo mno: kilobaiti kadhaa badala ya gigabaiti

Hilo si ISO, ni ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la ISO. Hutokea ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, hoteli au uwanja wa ndege inayotaka uingie kwanza kwa jina na nywila, hasa kama kiungo kinaanza na http bila s. Mtandao unadaka ombi lako na kukurudishia ukurasa wake, na programu ya kupakua inaupokea kama ulivyo.

```
file ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso
```

Kama ni ISO ya kweli, jibu litataja ISO 9660 na jina la toleo. Kama ni ukurasa, utasoma HTML document. Kwa asiye na Linux, faili la kilobaiti chache linafunguka kwenye Notepad. Likianza na `<!DOCTYPE html>` umeshajua. Lifute, ingia kwenye Wi-Fi kwanza kupitia kivinjari, ndipo upakue.

Hapa pana mtego ambao huwapotezea watu siku nzima. Tuseme ulianza na `wget`, amri ya kupakua kwenye terminali, ukapokea ule ukurasa wa kilobaiti 3 bila kujua, kisha mtandao ulipokaa sawa ukaendelea na `wget -c`. Amri hiyo huangalia faili lililopo lina ukubwa gani, halafu huiomba seva iendelee kuanzia hapo. Matokeo yake ni faili lenye ukubwa sahihi hadi baiti ya mwisho, ila kilobaiti 3 za mwanzo ni ukurasa wa wavuti. Ukubwa unalingana, hashi inakataa, na hakuna anayeelewa. Amri ya `file` hapo juu ndiyo inayoufichua. Faili la namna hii usilifute. Linatibika, na nitaeleza jinsi hapo chini.

Faili limeishia katikati

Kabla ya kukokotoa hashi, linganisha ukubwa kwa baiti. Usitegemee "5.9 GB" inayoonekana kwenye dirisha, kwa sababu programu moja huhesabu gigabaiti kwa 1,000 na nyingine kwa 1,024, na faili lilelile likaonekana na ukubwa mbili. Seva yenyewe itakuambia idadi ya baiti bila kukupakulia faili, ukiweka kiungo cha toleo lako:

```
curl -sIL https://releases.ubuntu.com/24.04/ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso | grep -i content-length
```

Upande wako ni `ls -l`, au kwenye Windows bofya kulia, uchague Properties, usome baiti zilizo ndani ya mabano. Likipungua, upakuaji ulikatika. Chrome huacha faili linaloishia na .crdownload na Firefox .part mpaka kazi ikamilike. Kuliondolea jina hilo kwa mkono hakulifanyi liwe kamili. Endelea na `wget -c` kwa kiungo kilekile, au `curl -C - -O`. Ukiambiwa faili limeshapatikana lote na hakuna la kufanya, basi urefu wake umetimia, nenda kwenye hashi.

Tahadhari moja: usiendeleze faili ambalo hubadilishwa huku jina likibaki lilelile. Picha (yaani ISO) za majaribio, kama zile za Debian testing zinazotolewa kila wiki, ziko hivyo. Ukipakua nusu Ijumaa na nusu Jumanne, umeunganisha mafaili mawili tofauti, na hashi yoyote utakayoipata haitalingana na orodha yoyote duniani.

Limegoma kwenye gigabaiti 4

Kama faili lina baiti 4,294,967,295, au kunakili kunakatika hapo kila mara huku nafasi bado ipo, tatizo ni FAT32. Mfumo huo wa kupanga mafaili hauwezi kubeba faili moja kubwa kuliko hilo. Huwapata hasa wanaopakua usiku kwa simu, wakati bando ni rahisi, wakahifadhi kwenye memori kadi: kadi za SD za hadi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa FAT32, na flashi nyingi ndogo ni hivyohivyo.

Pakua kwenye hifadhi ya ndani ya simu, kisha uhamishe kwa waya wa USB moja kwa moja hadi kwenye diski ya kompyuta. Kama lazima upitie flashi, iumbe upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, baada ya kutoa vitu vyako. Linux Mint ya Cinnamon iko chini ya kikomo hicho, na ile ndogo ya Debian iitwayo netinst ipo chini ya gigabaiti moja, ingawa hiyo ya mwisho itadai intaneti wakati wa kusakinisha.

Hashi mbili hazifanani hata kwa urefu

Hesabu herufi. Zikiwa 32 hiyo ni MD5, 40 ni SHA-1, 64 ni SHA-256, 128 ni SHA-512. Kulinganisha aina moja na nyingine hakuwezi kukubali hata faili likiwa zima kabisa. Kwenye Windows kosa hili hutokea sana kwa sababu certutil, usipoiandikia SHA256 mwishoni mwa amri, hukokotoa SHA-1 yenyewe bila kukuuliza.

Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti: Get-FileHash hutoa kubwa, orodha za Linux zina ndogo, na thamani ni ileile.

Ukiwa na tovuti inayotoa MD5 pekee, itakuonyesha kama faili limeharibika njiani, basi. Tangu 2004 watafiti wameonyesha jinsi ya kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja, na mwaka 2017 ikafuata SHA-1. Kwa usalama tumia SHA-256 au zaidi.

Na ukiona hashi inayoanza na e3b0c44298fc1c14 na kuishia na 7852b855, usiisumbukie kuilinganisha na chochote. Hiyo ni SHA-256 ya faili tupu lenye baiti sifuri. Umekokotoa hashi ya hewa. Labda diski imejaa na upakuaji haukuandika kitu.

sha256sum inalalamika, lakini si kuhusu ISO

Ukiona `FAILED open or read`, tulia. Orodha ya Ubuntu ina ISO ya mezani na ya seva pamoja. Wewe unayo moja, na amri inalalamikia ile usiyokuwa nayo. Ndiyo maana tunaongeza `--ignore-missing`.

Ukiona `no file was verified`, jina la faili lako halimo kwenye orodha. Kivinjari hupenda kuongeza (1) kabla ya .iso kama uliwahi kupakua faili lenye jina hilo, na watu wengine hujiandikia ubuntu.iso tu. Rudisha jina la awali. Au orodha ni ya toleo jingine: ya 24.04.2 haiitambui 24.04.3. Debian pia huhamisha matoleo ya zamani kwenda hifadhi yao ya kumbukumbu mara toleo jipya linapotoka, kwa hiyo ISO uliyopakua miezi sita iliyopita inaweza kuwa nzima kabisa ila orodha iliyoko mbele sasa haiitaji. Tafuta orodha ya toleo lako, usipakue ISO.

`no properly formatted` maana yake faili la SHA256SUMS si orodha. Aghalabu ni ukurasa wa wavuti tena. Na kama kwenye lalamiko unaona jina la ISO likifuatwa na `$'\r'`, orodha ilipitia Notepad au programu nyingine ya Windows iliyobadilisha miisho ya mistari. Usiirekebishe kwa mkono, kwa sababu saini yake itakataa baadaye. Ipakue upya, ni mistari michache tu.

Ukubwa sawa, toleo sawa, aina ya hashi sawa, na bado inakataa

Kwanza kokotoa hashi ya faili hilohilo tena. Kama jibu la pili ni tofauti na la kwanza, usianze kuilaumu ISO: kompyuta yako haisomi faili moja kwa namna moja mara mbili. Shuku RAM, kisha diski, na kama ni diski ya nje, shuku waya. Memtest86+ itakuonyesha RAM mbovu ukiiacha ifanye kazi usiku. Usisakinishe mfumo wowote kwenye mashine hiyo kabla hujalimaliza hili.

Kama jibu ni lilelile kila mara lakini halilingani na orodha, basi kweli kuna baiti zilizoharibika ndani ya faili. Sasa ile tiba.

Ubuntu, Debian na Mint wote hutoa mafaili ya torrent kwa ISO zao. Torrent hugawa ISO vipande vidogo, na kila kipande kina hashi yake. Maana yake programu ya torrent inaweza kulipitia faili lako bovu, kujua ni vipande vipi vizima na vipi vimeoza, kisha kuomba vilivyooza tu. Pakua faili la .torrent la toleo lilelile hasa, liongeze kwenye qBittorrent au Transmission, uelekeze folda ya kuhifadhia iwe ile yenye ISO yako, na uhakikishe jina linafanana na lililoandikwa kwenye torrent. Kabla ya kuruhusu ianze kupakua, chagua Force recheck kwenye qBittorrent, au Verify Local Data kwenye Transmission. Subiri. Itapanda hadi, tuseme, 99.8%, kisha itamalizia kilichobaki. Kwa wanaopenda terminali:

```
aria2c --check-integrity=true --seed-time=0 ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso.torrent
```

Ule mkosi wa kilobaiti 3 za ukurasa wa wavuti mwanzoni mwa ISO unapona hapa kwa kupakua kipande kimoja. Faili lililokatika katikati pia linapona hivyo. Torrent huhudumia watu wengine wakati inakuhudumia wewe, kwa hiyo ukiwa kwenye bando weka kikomo cha kasi ya kupakia kiwe kidogo, na uifunge ikishamaliza. Halafu rudia sha256sum.

Naipenda njia hii kuliko zote. Inashangaza kwamba watu wanaolipia kila megabaiti ndio wasioambiwa habari zake.

Hashi imekubali. Kwa nini basi saini?

Mzigo uliotumwa kwa basi unaweza kufika stendi ukiwa haujafunguliwa, uzito wake ni uleule ulioandikwa kwenye risiti, na bado usijue ni nani hasa aliyeutuma. Hashi inajibu kama faili limefika zima. Haijibu limetoka kwa nani.

Tarehe 20 Februari 2016 waliokuwa wakipakua Linux Mint 17.3 Cinnamon kupitia tovuti rasmi walipelekwa kwenye ISO nyingine. Wadukuzi walikuwa wameingia kwenye tovuti na kubadilisha kiungo, na ISO yao ilikuwa na mlango wa nyuma uitwao Tsunami. Clement Lefebvre, kiongozi wa Mint, alitangaza habari hiyo mara ilipogundulika na kueleza namna ya kuitambua: ISO chafu ilikuwa na faili ndani ya /var/lib/man.cy. Sasa fikiri. Anayeweza kubadilisha kiungo kwenye ukurasa anaweza pia kubadilisha hashi iliyoandikwa pembeni yake. Ungekokotoa, ukalinganisha, ukapata zinalingana. Asichoweza kukibadilisha ni saini, kwa sababu ufunguo wa siri unaoitengeneza haukai kwenye tovuti.

Kuna faida ya pili, nayo kwa sisi ni kubwa zaidi. Saini ikikubali, haijalishi ISO uliitoa wapi. Unaweza kuichukua kwa rafiki, maabara ya chuo, au fundi wa jirani anayeuza laptopu za mtumba, bila kutumia bando. Pakua orodha na saini mwenyewe, kilobaiti chache, uhakiki. Ikikubali, ni ileile iliyotoka kwa waliotengeneza.

Amri ni hii, ya programu ya gpg inayokagua saini; saini kwanza, orodha baadaye:

```
gpg --keyid-format long --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
```

Can't check signature: No public key

Si hitilafu. Gpg imeona saini lakini haina ufunguo wa umma wa kuipimia. Kwa Ubuntu:

```
gpg --keyserver hkps://keyserver.ubuntu.com --recv-keys 843938DF228D22F7B3742BC0D94AA3F0EFE21092
```

Huo ndio ufunguo wa Ubuntu wa kutilia saini picha za diski, wa mwaka 2012. Wa Debian CD ni DF9B9C49EAA9298432589D76DA87E80D6294BE9B, na wa Mint ni 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09. Tumia namba nzima ya herufi 40. Zile namba fupi za herufi 8 za mwisho si ulinzi tena; mtu anaweza kutengeneza ufunguo wake wenye mwisho uleule. Na usiniamini mimi peke yangu: linganisha na kurasa rasmi za kila mradi, ikiwezekana kwa mtandao mwingine au kwa simu ya mwenzako.

Aliye tayari kwenye Ubuntu hahitaji hata intaneti. Ufunguo umeshasakinishwa pamoja na mfumo:

```
gpgv --keyring=/usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
```

Seva ya funguo isipojibu, mtandao wa ofisi au chuo huenda umefunga mlango namba 11371 unaotumiwa na anwani za hkp. Anwani ya hkps niliyoandika hapo juu hupita kwenye mlango wa kawaida wa https. Ukiambiwa ufunguo una `no user ID`, umeuomba kutoka keys.openpgp.org, ambayo haitoi jina la mwenye ufunguo mpaka mwenyewe athibitishe baruapepe yake. Badilisha seva.

Good signature, kisha onyo refu

Gpg inasema saini ni nzuri, halafu inaongeza kwamba ufunguo haujathibitishwa na saini inayoaminika. Wengi huogopa hapa na kuacha. Onyo hilo linasema tu kwamba wewe binafsi hujawahi kuiambia gpg kuwa unamjua mwenye ufunguo. Tazama mstari wa Primary key fingerprint chini yake, ulinganishe herufi zote 40. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, neno Good halina maana yoyote. Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo na kujiita Ubuntu.

BAD signature

Karibu mara zote ni orodha ya toleo moja na saini ya toleo jingine, au orodha iliyofunguliwa na kuhifadhiwa upya kwenye kihariri. Futa yote mawili, yapakue tena kutoka folda moja kwa wakati mmoja. Ukiambiwa `no valid OpenPGP data found`, faili la saini si saini, au umegeuza mpangilio wa majina kwenye amri. Ikibaki BAD baada ya kupakua kutoka seva rasmi yenyewe, usiitumie ISO hiyo, na uwaarifu wenye mradi.

Ufunguo "umetoka wakati ujao"

Ukisoma `time warp or clock problem`, angalia saa ya kompyuta. Laptopu za mtumba nyingi betri yake ndogo ya CMOS imekufa, na kila ikizimwa tarehe hurudi nyuma, tuseme 1 Januari 2009. Ufunguo wa Ubuntu uliundwa Mei 2012. Kwa mashine hiyo, bado haujazaliwa. Kosa hilihili hufanya kivinjari kikatae tovuti za https. Rekebisha tarehe, na ubadilishe betri. Ni ile ya duara, kwa kawaida CR2032.

ISO imehakikiwa kote, flashi ndiyo inayokataa

Sasa usiiguse ISO. Chomoa flashi, ichomeke tena ili kompyuta isisome kutoka kwenye kumbukumbu yake, kisha linganisha baiti kwa baiti. Jua jina la flashi kwa `lsblk`, uliweke badala ya sdX:

```
sudo cmp -n "$(stat -c %s ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso)" ubuntu-24.04.3-desktop-amd64.iso /dev/sdX
```

Ukimya ni jibu zuri. Ikitaja baiti inayotofautiana, jiulize kwanza uliandika kwa njia gani. Rufus ikitumika kwa hali ya ISO huchambua mafaili na kuyapanga upya kwenye flashi, kwa hiyo hayawezi kulingana hivi. Hali ya DD ndiyo inayonakili kama ilivyo. Pia kipimo hiki ni cha flashi ambayo haijawahi kuwasha kompyuta, na ambayo haijachomekwa kwenye Windows baada ya kuandikwa. Zote mbili huweza kuandika vitu vyao humo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, shuku flashi. Zipo zinazojitangaza GB 64 huku ndani zikiwa na kumbukumbu ya GB 4 tu. Zinapokea kila kitu kwa heshima na kupoteza kilichozidi. Kifurushi cha f3 hupima: `f3write` huijaza flashi, `f3read` huisoma na kukuambia ni kiasi gani kilichosalia. Itakula nafasi yako na muda wako, lakini ukiijua flashi mbovu hutaituma tena kubeba picha za harusi ya mtu.

Baadhi ya matoleo ya Ubuntu hukagua yenyewe mafaili ya flashi yanapowaka. Ukaguzi huo ukionekana, wengi hubonyeza Ctrl+C ili kuharakisha. Uache umalize walau mara ya kwanza.

Ukiona maneno `SBAT self-check failed` na kompyuta ikajizima, huo ni uhakiki mwingine kabisa, wa Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua programu ya kuanzishia mfumo. Programu hiyo, yaani kipakiaji, iliyo ndani ya ISO ni ya zamani na imewekwa kwenye orodha ya zilizokataliwa. Sasisho la Windows la Agosti 2024 liliwaletea hali hii wengi waliokuwa na mifumo miwili kwenye mashine moja. Hashi na saini zako zilikuwa sahihi. Tumia ISO mpya ya toleo hilo, au zima Secure Boot kwa muda kwenye mipangilio ya UEFI (ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka), sakinisha, sasisha, uiwashe tena.

Na ukisomewa kwamba kernel (kiini cha mfumo) inahitaji x86-64 lakini imekuta i686, prosesa ni ya biti 32. Hakuna ISO ya amd64 (ya biti 64) itakayowaka hapo, hata uipakue kutoka wapi. Debian 12 ndiyo ya mwisho kutoa picha za kusakinisha za i386, yaani za biti 32. Kwa mashine hiyo, chukua netinst yake ya i386 kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Debian, pamoja na SHA512SUMS na SHA512SUMS.sign za folda hiyohiyo.